Maneno Yanapokwama: Msako wa Chanzo cha Matatizo ya Lugha kwa Watoto

Mtoto akitimiza miaka minne na maneno yake bado hayaungani, mtaani hakukosekani maelezo. Bibi atasema baba yake naye alichelewa hivyo hivyo, na leo si ni mwalimu? Jirani atauliza kama utando wa chini ya ulimi umekaguliwa, kwani yuko mtu anayejua kuukata. Shangazi ataishutumu televisheni. Mwalimu wa chekechea ataona mtoto anachanganyiwa lugha tatu nyumbani. Na hakosi mmoja wa kusema, kwa sauti ya chini inayosikika vizuri, kwamba akina mama wa siku hizi hawana muda wa kuzungumza na watoto wao.

Karibu kila moja ya kauli hizo imeshapimwa na watafiti katika miaka hamsini iliyopita. Wamewapima mapacha, familia ya vizazi vitatu, vipande vya kromosomu, na watoto walionusurika malaria. Baadhi ya kauli zimeanguka vibaya. Moja imesimama, tena kwa namna ambayo aliyeitoa hakuitarajia. Na kipo chanzo kimoja kinachowapata watoto wa Afrika ambacho barazani hakikutajwa na yeyote.

Wawili katika kila darasa

Tatizo lenyewe si kigugumizi, wala si mtoto wa miaka miwili anayesema "lafiki" badala ya "rafiki". Ni mtoto anayesikia vizuri, anayecheza, anayepanga vipande vya picha kama wenzake, ila lugha haimwingii kwa kasi ya umri wake. Ukimwambia, "Kabla hujavaa viatu, niletee kikombe," yeye anakwenda kuvaa viatu. Kisu anakiita "ile ya kukatia". Akisimulia ugomvi wa shuleni, msikilizaji habaini nani alimpiga nani. Kwa wengi hali hii haiishi kwa kukua. Huingia nayo darasani, ikageuka shida ya kusoma, na mwisho ikaitwa uvivu.

Mwaka 1997, Bruce Tomblin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima watoto zaidi ya 7,000 wa shule za awali. Asilimia 7.4 walikuwa na tatizo hilo bila ugonjwa mwingine wa kulieleza. Jingine lililojitokeza lilikuwa zito zaidi: ni asilimia 29 tu ya wazazi wa watoto hao waliowahi kuambiwa kwamba mtoto wao ana shida ya lugha. Karibu miaka 20 baadaye, Courtenay Norbury na wenzake walifanya kazi kama hiyo katika jimbo la Surrey, Uingereza, wakapata takriban asilimia 7.6. Katika darasa la watoto 30, hao ni wawili.

Kwa nini basi hali inayowapata wengi kiasi hicho ilichelewa kuchunguzwa? Sababu moja ni kwamba haionekani. Mtoto asiyeona au asiyetembea hujulikana mara moja. Huyu hukaa nyuma ya darasa, huitikia kwa kichwa, hufuata wenzake wanavyofanya, na siku hupita. Sababu ya pili ni kwamba madaktari, walimu na wanaisimu kila mmoja alikuwa na vigezo vyake. Mwafaka ulikuja mwaka 2016 na 2017, pale jopo kubwa la wataalamu chini ya uongozi wa Dorothy Bishop, mwanasaikolojia wa Oxford, lilipokubaliana juu ya vigezo na jina moja la tatizo la ukuaji wa lugha.

Familia ya London

Msako wa chanzo ulipata nguvu mwishoni mwa miaka ya 1980, katika familia moja ya London. Watoto kadhaa wa ukoo mmoja walikuwa wakipata msaada wa kuzungumza, na ikabainika kwamba wazazi, wajomba na mashangazi zao nao walikuwa vivyo hivyo. Vitabu vya sayansi huitaja familia hiyo kwa herufi mbili tu, KE. Jane Hurst na wenzake walichapisha maelezo yake ya kwanza mwaka 1990. Katika vizazi vitatu, karibu nusu ya wanafamilia, wake kwa waume, walikuwa na tatizo. Bibi wa ukoo alikuwa nalo, na wanne kati ya watoto wake watano walilirithi. Mgawanyo wa nusu kwa nusu usiobagua jinsia ni dalili inayofundishwa hata sekondari: hapo kuna jeni moja yenye nguvu.

Mwaka huo huo Myrna Gopnik, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, aliandika katika jarida la Nature kwamba wanafamilia hao wanakosa sehemu ya sarufi: walishindwa viambishi vya Kiingereza vya wakati uliopita na vya wingi. Magazeti yalidaka habari hiyo yakatangaza kwamba "jeni ya sarufi" imepatikana.

Haikuwa rahisi hivyo. Faraneh Vargha-Khadem na timu yake katika Taasisi ya Afya ya Mtoto, London, waliwaita tena wanafamilia wakawapima kwa mapana, wakachapisha matokeo mwaka 1995. Shida haikukoma kwenye sarufi. Walipoombwa kufanya mfululizo wa miendo ya mdomo, kwa mfano kufungua kinywa, kutoa ulimi, kisha kufumba midomo, walikosea. Katie Alcock, mtafiti kijana wa wakati ule ambaye baadaye angefika Kilifi, aliwapima kwa muziki. Katika kufuata sauti za juu na za chini hawakuwa nyuma ya wengine, lakini mapigo yaliwapotea. Kilichovurugika kilihusu kupanga miendo kwa mfuatano na kwa wakati wake, na kuzungumza ni kazi ya miendo ya haraka kuliko karibu yote ambayo mtoto hujifunza.

Huko Oxford, Simon Fisher na Anthony Monaco walikuwa wakisaka jeni yenyewe. Mwaka 1998 walilibana eneo moja la kromosomu ya saba lenye jeni 70 hivi. Kuzisoma moja moja kungechukua miaka. Kisha akatokea mvulana asiye na udugu wowote na familia ya KE, anayejulikana kwa herufi CS, mwenye shida inayofanana na yao. Kromosomu yake ya saba ilikuwa imekatika na kubadilishana kipande na ya tano, na mkato ulipita katikati ya jeni moja. Walipoisoma jeni hiyo kwa wanafamilia wa KE, kila mwenye tatizo alikuwa na herufi moja iliyobadilika, na asiye na tatizo hakuwa nayo. Cecilia Lai na wenzake walitangaza matokeo mwaka 2001. Jeni iliitwa FOXP2.

FOXP2 si jeni ya maneno. Hutengeneza protini inayowasha na kuzima jeni nyingine, na hufanya kazi hiyo kwenye ubongo, mapafu na utumbo. Panya wanayo, sokwe wanayo, hata ndege. Mwaka 2007, watafiti wa Berlin waliipunguza nguvu katika ubongo wa makinda ya ndege wadogo waimbao, wenye asili ya Australia, ambao hujifunza wimbo kwa kumsikiliza dume mkubwa. Makinda hayo yalikua yakiimba, ila yaliunakili wimbo wa mwalimu wao vibaya: yakaruka baadhi ya silabi na kuvuruga nyingine.

Jeni moja haikutosha

Ugunduzi wa FOXP2 uliamsha tumaini kwamba sababu ya wale watoto wawili wa kila darasa imepatikana. Tumaini halikudumu. Mwaka 2002 Dianne Newbury na wenzake wa Oxford waliitafuta hitilafu ya FOXP2 kwa watoto wenye matatizo ya kawaida ya lugha, wasiione. Familia ya KE ilikuwa mlango wa kuingilia, lakini wengi hawakupitia mlango huo.

Ushahidi kwamba urithi unahusika hata hivyo ulikuwa umeshatoka kwa mapacha. Mapacha wa kufanana hushiriki vinasaba vyote, na wasiofanana hushiriki takriban nusu, huku wote wakilelewa nyumba moja, wakila chungu kimoja na kutazama televisheni ile ile. Kama nyumba ndiyo yenye makosa, aina zote mbili zingepatwa kwa kiwango kimoja. Dorothy Bishop na wenzake waliripoti mwaka 1995 kwamba pacha mmoja wa kufanana akiwa na tatizo la lugha, mwenzake alikuwa nalo katika karibu asilimia 70 ya jozi. Kwa wasiofanana, kiwango kilikuwa chini ya nusu.

Kipimo kilichofungua mengi zaidi kilikuwa rahisi kiasi cha kuchekesha. Mtoto anaambiwa neno lisilokuwepo, naye alirudie. Kwa watoto wa Kiingereza moja ya maneno hayo ni "perplisteronk". Kwa mtoto wa Kiswahili ingekuwa kama kumwambia arudie "bukolafenitu". Silabi mbili, wote hufaulu. Silabi nne au tano, mtoto mwenye tatizo la lugha hupoteza katikati, akabaki na kichwa na mkia. Hata wale ambao mazungumzo yao yameshanyooka, wasioonekana tena kuwa na shida, bado hukwama hapo. Mapacha walipopimwa hivyo, ilionekana kwamba uwezo huu hurithiwa kwa kiasi kikubwa.

Matokeo hayo yalikutana uso kwa uso na nadharia nyingine. Tangu mwaka 1973 Paula Tallal, mtafiti wa Marekani, alikuwa akionyesha kwamba watoto wenye matatizo ya lugha hushindwa kutofautisha milio miwili inayofuatana haraka. Hoja yake ilikuwa kwamba sikio likiwa zito la kasi, sauti kama "ba" na "da" huchanganyika, na lugha nzima huyumba. Kutokana na wazo hilo ilizaliwa michezo ya kompyuta ya kulizoesha sikio, nayo ikauzwa sana. Lakini mapacha walipopimwa kwa milio, urithi haukuonekana kuchangia kitu cha maana, na watoto kadhaa wenye tatizo la lugha waliipita milio bila taabu. Mwaka 2008 Ronald Gillam na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la watoto 216 waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne. Waliocheza michezo ile ya sikio waliendelea vizuri, lakini si kuwazidi waliofundishwa na mtaalamu wa lugha ana kwa ana, wala waliocheza michezo ya kawaida ya masomo kwenye kompyuta.

Picha iliyobaki ni ya visababishi vingi vidogo vinavyokutana kwa mtoto mmoja. Bishop na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba kukwama kwenye maneno ya kubuni na kukwama kwenye viambishi vya sarufi vyote hurithiwa, lakini kwa njia tofauti. Mtoto mwenye udhaifu mmoja huweza kupenya, ila ukijumlisha mawili, lugha hulemewa. Wachunguzi wa vinasaba walifika huko huko kwa njia yao. Mwaka 2008 Fisher na wenzake waligundua kwamba protini ya FOXP2 huidhibiti jeni nyingine, CNTNAP2, na katika familia 184 zenye watoto wenye tatizo hili, tofauti fulani za jeni hiyo zilikwenda sambamba na kushindwa maneno ya kubuni. Tofauti hizo ni za kawaida, na watu wengi wasio na shida yoyote wanazo. Utafiti wa kimataifa uliotoka mwaka 2022, uliojumlisha hadi watu 34,000 hivi waliopimwa kusoma na lugha, ulithibitisha kwamba mchango wa jeni moja moja ni mdogo sana.

Zipo jamii chache ambamo urithi huonekana kwa macho. Kisiwa cha Robinson Crusoe, katika Bahari ya Pasifiki mbali na pwani ya Chile, kina wakazi mia kadhaa, na wengi wao ni wazao wa familia chache zilizohamia huko mwishoni mwa karne ya 19. Pía Villanueva na wenzake walikuta zaidi ya theluthi ya watoto wa koo hizo wana tatizo la lugha. Mwaka 2015 walitaja jeni moja inayoshukiwa, NFXL1, ingawa nayo haikumweleza kila mtoto wa kisiwani.

Kwa hiyo bibi alikuwa na haki, nusu. Tatizo la lugha hufuata ukoo. Ila hitimisho lake, kwamba tusubiri kwa sababu baba naye alichelewa, ndilo lililogeuzwa juu chini: baba aliyechelewa ni sababu ya kumpima mwana mapema.

Kesi ya akina mama

Utando wa chini ya ulimi unaweza kumsumbua mtoto mchanga katika kunyonya na kuzuia baadhi ya sauti. Hauwezi kumzuia kuelewa anachoambiwa, kujua majina ya vitu au kupanga sentensi. Mtoto wa viatu na kikombe hakukosea kwa sababu ya ulimi.

Televisheni na simu ni jambo gumu zaidi kulitolea hukumu. Tafiti nyingi zimekuta kwamba watoto wanaokaa mbele ya kioo kwa muda mrefu hupata alama za chini kidogo za lugha, lakini tofauti ni ndogo, na haielezi ni kipi kilitangulia. Mtoto asiyeongea vizuri na asiyepata wa kucheza naye ni rahisi pia kuachiwa simu.

Lawama nzito zaidi ilitoka Kansas. Mwaka 1995 Betty Hart na Todd Risley walichapisha kitabu kuhusu familia 42 walizozirekodi kila mwezi. Walikadiria kwamba hadi miaka minne, mtoto wa familia maskini huwa amesikia maneno pungufu kwa milioni 30 kuliko mtoto wa wasomi. Hesabu hiyo ilizunguka dunia. Wakosoaji wanakumbusha kwamba kundi la maskini kabisa lilikuwa la familia sita tu. Isitoshe, kujua maneno machache si sawa na kushindwa kujifunza lugha. Huko Bolivia, miongoni mwa Watsimane, Alejandrina Cristia na wenzake waliripoti mwaka 2017 kwamba mtoto wa chini ya miaka minne huelekezewa maneno kwa muda usiofikia dakika moja katika saa nzima ya mchana. Watoto hao hukua wakizungumza Kitsimane sawasawa.

Na lugha tatu za nyumbani? Johanne Paradis na wenzake waliwachunguza Kanada watoto wanane waliokua na Kifaransa na Kiingereza pamoja, wote wenye tatizo la lugha, wakawalinganisha na wenye tatizo hilo wanaojua lugha moja tu. Matokeo ya mwaka 2003 yalionyesha kwamba wa lugha mbili hawakuwa na hali mbaya zaidi katika lugha yoyote kati ya hizo. Mtoto mwenye tatizo huwa nalo katika kila lugha anayoijua. Asiye na tatizo huchanganya maneno kwa muda, kisha hujitenganishia mwenyewe, kama wanavyofanya mamilioni ya watoto kutoka Bukavu hadi Mombasa.

Mazingira hayaachwi kabisa, ila huanzia mapema kuliko mtaa unavyodhani. Nchini Norway, Christine Roth na wenzake walifuatilia karibu watoto 39,000. Mwaka 2011 waliripoti kwamba walipofika miaka mitatu, 204 kati yao walikuwa wamechelewa sana kuongea. Kwa waliozaliwa na mama wasiotumia virutubisho vyovyote karibu na wakati wa kushika mimba, kiwango kilikuwa asilimia 0.9. Kwa mama waliotumia folic acid, kilikuwa asilimia 0.4. Utafiti wa kufuatilia namna hiyo hauthibitishi kwamba kidonge ndicho kilichookoa, kwa kuwa wanaomeza vidonge mapema mara nyingi hutofautiana na wengine kwa mengi. Lakini jambo la wakati ni la kuzingatiwa: vidonge hivyo ndivyo vinavyotolewa pia katika kliniki za wajawazito Afrika Mashariki, na mama wengi hufika kliniki majuma mengi baada ya mimba kutunga.

Homa inapofika kwenye ubongo

Kilifi, pwani ya Kenya, ina kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust tangu mwaka 1989. Huko swali lilikuwa tofauti na la London. Wodi ya watoto ilijaa malaria kali: watoto waliopoteza fahamu, wengine wenye degedege lisilokatika. Wengi walipona, wakaruhusiwa kurudi nyumbani wakitembea na kucheka. Kwa muda mrefu daftari la hospitali liliishia hapo.

Vijijini Pwani, degedege limekuwa likihusishwa na nyuni, ndege wa kishetani anayepita juu ya mtoto, na mganga huitwa kwanza. Kinachotokea ndani ya kichwa ni hiki: chembe nyekundu za damu zilizoingiwa na vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, damu ikapita kwa shida, sukari ya mwili ikashuka, ubongo ukavimba. Sehemu gani ya ubongo itaumia zaidi haitabiriki.

Julie Carter, Charles Newton na wenzao waliwarudia watoto hao walipofika umri wa shule. Walilinganisha 152 waliopata malaria ya ubongo, 156 waliopata malaria yenye degedege kali, na 179 ambao hawakupitia lolote kati ya hayo. Matokeo yalitoka mwaka 2005. Waliopata malaria ya ubongo walikuwa nyuma katika msamiati, katika lugha ya ngazi ya juu kama vile kueleza sababu na kufasiri maana, na katika kutumia lugha na wenzao ipasavyo. Waliopata degedege walitatizika zaidi na sauti za maneno na tabia. Walioachiwa kifafa walikuwa na hali mbaya kuliko wote, kuanzia kuelewa na kuunda sentensi hadi kukumbuka. Watafiti hao walikadiria kwamba, ikiwa madhara hayo hudumu, yanaweza kuwagusa watoto wasiopungua 250,000 kila mwaka kusini mwa Sahara.

Mjini Kampala, kwenye Hospitali ya Mulago, timu ya Chandy John na Michael Boivin ilifuata watoto wa miaka mitano hadi 12 kwa njia hiyo hiyo, ikatazama zaidi akili, kumbukumbu na umakini. Miaka miwili baada ya malaria ya ubongo, asilimia 26 walikuwa na upungufu. Kwa watoto wa jirani wasiougua, walikuwa asilimia 8.

Hapa chanzo si fumbo la vinasaba vingi vyenye mchango mdogo mdogo. Ni mbu, ni chandarua, ni saa zinazopita kati ya homa kupanda na dawa kuanza. Kila mtoto anayekingwa malaria kali amekingwa pia na madhara hayo ya lugha, jambo ambalo halionekani kwenye takwimu za vifo.

Kupima kwa Kigiriama

Ili kusema mtoto yuko nyuma, lazima ujue wenzake wako wapi. Kilifi, ambako watoto wengi huzungumza Kigiriama, hakukuwa na kipimo cha kununua. Vipimo vya Kiingereza humwonyesha mtoto picha za vitu asivyowahi kuviona, kisha mtu mzima mgeni humuuliza maswali ambayo jibu lake mwenyewe analijua. Kwa mtoto wa kijijini aliyefundishwa kunyamaza mbele ya wakubwa, ukimya wake huweza kuwa adabu tu. Carter na wenzake ilibidi watengeneze vipimo upya, kwa lugha ya mtoto na vitu vya nyumbani kwake.

Sarufi nayo ilidai hesabu yake. Kiingereza hupima wakati uliopita mwishoni mwa kitenzi. Katika "alinipigia", mtoto wa Kiswahili anatakiwa kuweka nani, lini na kwa nani, vyote kabla na baada ya mzizi mmoja, kwa mpangilio usiobadilika. Kamil Deen, aliyewarekodi watoto wanne wa Nairobi kwa ajili ya utafiti wake wa uzamivu, alionyesha kwamba wadogo hudondosha viambishi vya nafsi na njeo kwa utaratibu maalumu, na huo ni ukuaji wa kawaida. Naye Alcock, yule aliyewapima KE kwa mapigo ya muziki, akiwa na Kenneth Rimba na Newton aliripoti mwaka 2012 kwamba watoto wadogo wa Kiswahili na Kigiriama hutumia kauli ya kutendwa, kama "amepigwa", mapema, ilhali wa Kiingereza huchelewa nayo. Kinachoweza kuwa cha kawaida kwa mtoto wa Leeds huenda kikawa dalili kwa mtoto wa Malindi.

Timu hiyo ilitengeneza pia orodha za maneno za kuwauliza wazazi watoto wao wanajua nini. Kwa kuwa wazazi wengi hawasomi, maswali yaliulizwa kwa mdomo, na mama walijibu kwa kuaminika. Kazi za aina hii hazipati vichwa vya habari kama jeni. Lakini ule utafiti wa watu 34,000 ulitegemea watu wenye asili ya Ulaya, na hautaweza kuwasemea watoto wa Wagiriama, Wasukuma au Wanande mpaka vipimo vya lugha zao viwepo.

Kabla chanzo hakijajulikana

Tiba ya lugha haingojei jeni. Mtaalamu hufanya kazi na anachoshindwa mtoto: kuelewa maagizo, kupanua sentensi, kusimulia kwa mpangilio. Uganda ilianza kuwafundisha wataalamu hao kwa shahada katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008, ikipokea pia wanafunzi kutoka nchi jirani. Idadi yao bado ni ndogo mno ukilinganisha na mahitaji.

Mzazi anaweza kuanza na machache. Mtoto wa miaka miwili asiye na maneno, au wa miaka miwili na nusu asiyeunganisha maneno mawili, apelekwe kuangaliwa. Mtoto aliyekuwa akiongea kisha akapoteza maneno apelekwe mara moja, kwani kuna aina za kifafa zinazoanza hivyo bila kuanguka wala kutoa povu. Aliyewahi kulazwa kwa malaria kali, homa ya uti wa mgongo au manjano makali ya uchangani, daktari aambiwe, hata kama ni miaka imepita. Lugha ya nyumbani isikatizwe. Na kabla ya yote hayo apimwe masikio, maana mtoto asiyesikia vizuri huonekana sawasawa na mtoto ambaye lugha haimwingii, na tiba ya mmoja haimsaidii mwingine.